Mtoto Aliyejua Simu Zimefichwa Wapi

Katika soko la Mpondwe, pale Bwera mpakani na Kongo, hapakuwa na mwanamke aliyekumbuka mambo ya wateja kama Mariat. Alijua mama yupi wa ng'ambo hununua nyanya ambazo hazijaiva vizuri ili zisipondeke njiani kwenda Butembo, na yupi hutaka zilizoiva kwa kupika siku hiyohiyo. Alijua nani kafiwa, nani kaolewa, na nani hali kitunguu cheupe kwa sababu mumewe ana maringo. Lakini ungemwuliza mwanawe Shafic hupenda kuchezea nini, angekutazama kama umemwuliza idadi ya nyota, kisha angesema, "Simu."

Lilikuwa jibu la kweli, na hapo ndipo aibu ilipolala.

Shafic alikuwa na miaka miwili na nusu. Tangu siku alipoweza kukaa bila kuegemezwa, mama yake alimweka chini ya meza ya nyanya, juu ya gunia lililokunjwa, akampa simu yenye katuni. Mtoto akanyamaza. Soko zima likamsifu mama. "Mtoto yako iko na heshima," walisema, kana kwamba heshima ni kutosikika. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, Mariat aliuza tangu alfajiri mpaka jua linapoinamia Kongo, na mtoto hakumwita hata mara moja. Kuku akifungwa mguu mezani kutwa nzima, watu wa Bwera husema mwenye kuku hana huruma. Mtoto alifungwa macho kutwa nzima, wakasema ni malezi ya kisasa.

Baba yake, Abdunoor, alikuwa na kilori cha kubebea samaki kutoka Kasenyi na chumvi kutoka Kabatoro. Yeye alimpenda mwanawe sana, hasa pichani. Picha ya Shafic akiwa amevaa kanzu na miwani ya jua ilikaa kwenye simu yake, na kila dereva kati ya Kasese na mpaka alikuwa ameonyeshwa. Aliporudi nyumbani alimbeba mtoto, akampiga picha nyingine, akamweka chini, akaanza kuwatumia watu ile picha. Mtoto akashika mguu wa suruali ya baba yake akingoja. Akingoja nini, Abdunoor hakuwahi kuuliza.

Siku ya Idi walikwenda Rukoki kwa dada yake Abdunoor, Hajati Nasifah, mwanamke mwenye duka la jumla na sauti ya kuamuru. Nasifah alimwita mtoto mara ya kwanza, hakugeuka. Akamwita tena, hakugeuka. Akapiga makofi nyuma ya kisogo chake, na mtoto akasogea tu ili kivuli cha shangazi kisizibe kioo cha simu. Nasifah akamkamata kidevu, akamfungua mdomo kwa vidole viwili, akachungulia kama mtu anayenunua mbuzi.

"Ulimi imefungwa," alisema. "Ona hii kamba ya chini. Ndio sababu hasemi, na asiyesema hasikii. Abdunoor, wewe unalea bubu na unapiga picha."

"Anasema, Hajati," Mariat alijibu taratibu. "Anasema mama."

"Hata mbuzi inasema mama."

Wote ukumbini wakacheka, Abdunoor akiwa mmoja wao. Kabla chai haijapoa, Nasifah alikuwa amekwisha kuamua. Kulikuwa na mzee Yowasi, fundi wa kung'oa watoto wachanga yale wanayoyaita meno ya uongo, eti ndiyo yanayoleta homa, na kuwakata kinyama kinachoshika ulimi. Ataitwa Jumapili baada ya ijayo. Aje na wembe wake, mtoto akatwe, asemeshwe. Abdunoor akakubali kwa kutikisa kichwa, macho yakiwa kwenye ujumbe uliotoka Kasenyi.

Wazee wetu walifanya mengi mema, na mengine walifanya kwa kutojua. Sisi tuliosoma, tukayajua, tukayaendeleza kwa kiburi, tutajitetea kwa lipi? Mariat alizaliwa Kabatoro, kwenye mashimo ya chumvi. Huko alimwona binti wa ami yake, Ninsiima, akimshika mwanawe mapajani baada ya fundi mmoja kumkata mtoto ulimi. Damu ilikataa kusimama. Fundi yule alikuja mazishini, akala, akaomba maji ya kunawa. Mariat hakusahau yale maji ya kunawa. Alimweleza mumewe njia nzima ya kurudi Bwera.

"Mikono ya watu si sawa," Abdunoor alimjibu. "Yowasi amekata watoto wengi."

"Na waliokufa?"

"Hao walikuwa na siku yao."

Ndivyo alivyojibu mtu ambaye hakubali kubadilisha tairi ya kilori mpaka aulize mafundi watatu.

Mariat alimpeleka mtoto kwenye zahanati. Muuguzi alimulika chini ya ulimi kwa tochi, akamwambia ulimi ni mzima, masikio nayo mazima. "Ficha simu, mama. Ongea naye. Cheza naye." Mariat alitoka amekasirika. Cheza naye! Yeye ana meza ya nyanya, ana wateja, ana mume wa kupikiwa, halafu akacheze? Mchezo ni kazi ya watoto. Na Nasifah, alipopigiwa simu kuelezwa, alisema, "Huyo nesi iko na watoto wangapi? Hana hata paka."

Hata hivyo Mariat aliificha simu. Aliificha kwenye debe la unga. Shafic akalia, akajibwaga sakafuni, akapiga kichwa kwenye mlango. Kisha akanyamaza. Mama yake aliporudi kutoka uani, alimkuta amekaa na katuni zake, mweupe kwa unga mpaka nyusi. Akaificha ndani ya mkeka uliokunjwa. Ikapatikana. Akaificha kwenye mfuko wa kanzu iliyotundikwa. Asubuhi, kabla hata hajapewa uji, mtoto alisukuma kigoda mpaka chini ya ile kanzu.

Siku ya soko alimsimulia Kaswera, Mkongo wa Butembo aliyekuja akikimbia vita, na sasa aliuza vitenge meza ya pili. Kaswera alikuwa na mdomo usiopumzika.

"Eh, Mama Shafic," Kaswera alisema, akikunjua kitenge, "iyi mutoto munasema kichwa yake haiko, na kila siku anapata simu kwenye umeificha? Mimi na bwana yangu tunatafuta ufunguo wa nyumba kila asubuhi, na hakuna mutu anatupeleka kwa kukatwa ulimi."

"Usinicheke, Kaswera."

"Sikucheki. Nacheka wifi yako. Mutu anasahau, anasahau yote. Hawezi kusahau mama yake, akumbuke simu." Kisha, kwa kuwa hakuweza kusema neno la maana bila kulifuatisha la upuuzi, akaongeza, "Lakini nitakuletea maji ya baraka ya padri. Umutilie mu masikio, matone kidogo tu."

Maji ya baraka Mariat aliyakataa, ila yale maneno ya kwanza yalimchoma. Alisimama na fungu la nyanya mkononi mpaka mteja akauliza kama anauza au anaomba dua. Mtoto wake alikuwa na kumbukumbu, tena kali. Yeye mwenyewe, mama, alikuwa ameipa kitu kimoja tu cha kukumbuka.

Jioni hiyo alianza. Hakuwa na kitabu wala vinyago vya dukani, na afadhali, maana watu siku hizi hudhani mtoto hawezi kufikiri mpaka anunuliwe plastiki ya rangi tatu. Alichukua vikombe viwili vya chai na nyanya ndogo. Akaiweka nyanya mbele ya Shafic, akaifunika kwa kikombe kimoja, akauliza, "Nyanya iko wapi?" Mtoto akatazama ukutani. Akarudia. Mtoto akakipiga kikombe teke. Akarudia, na safari hii akaifunika polepole, akitia pua yake karibu na kikombe kama anainusa. Shafic akacheka. Akanyoosha kidole, akakigusa kikombe, akakifunua mwenyewe, na alipoiona nyanya alimtazama mama yake usoni. Mariat alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho mtoto huyo alimtazama usoni, akakosa jibu. Mwenye kukumbuka habari za soko zima, akakosa hilo.

Siku zilizofuata alicheza naye mezani pake, na soko likamcheka. Wale waliomsifu mtoto aliponyamaza sasa walilalamika kwamba anapiga kelele. Mariat aliweka kitunguu, ndimu na kijiko juu ya gunia, akavifunika kwa kipande cha kitenge, akatoa kimoja kwa siri, akafunua. "Nini imeenda?" Mwanzoni Shafic alivirusha vyote. Baadaye akaanza kutafuta nyuma ya mgongo wa mama yake. Kilori kilipopita, Mariat alimziba macho kwa kiganja akauliza, "Hiyo ni nini?" na mtoto akanguruma. Adhana ilipotoka, aliuliza tena, na mtoto akaweka mikono masikioni kama muadhini. Siku nyingine mchezo ulivurugika tangu mwanzo, mtoto akalia akitaka simu, na Mariat, wateja wakiwa wamemzonga, akampa. Tuseme ukweli: alimpa. Lakini jioni alirudi kwenye vikombe.

Neno lilitoka bila kuitwa. Mariat alificha ndimu. Kaswera, aliyependa udanganyifu, akaiiba na kuitia mkobani mwake. Shafic akafunua kitenge, akatazama, akatembea mpaka meza ya pili, akaweka mkono juu ya mkoba. "Ndimu," alisema. "Leta."

"Mwizi nimekamatwa," Kaswera alisema, akimpa. "Na ni mutoto bubu amenikamata."

Mariat alimpigia mumewe saa ileile. Abdunoor alisema ni vizuri sana, na kwamba hata hivyo dada yake amekwisha kumwita mzee, na mtu hawezi kumrudisha mzee njiani kwa sababu ya ndimu.

Jumapili ilifika. Baraza ya nje ya Nasifah kule Rukoki ilikuwa imefagiwa, mkeka umetandikwa, na mzee Yowasi amekaa kitini, koti lake limefungwa vifungo juani, wembe ukiwa ndani ya kipande cha gazeti juu ya goti. Alimfinya Shafic shavu. "Kijana, leo utaongea mpaka wakuchoke." Abdunoor alikuwa anaangalia mpira simuni, na mtoto, aliyeisikia sauti ya kile alichonyimwa siku nyingi, akamwegemea, akaganda.

"Shafic!" Nasifah aliita.

Mtoto hakutoa macho kwenye mpira.

"Unaona," alimwambia Yowasi. "Nashika kichwa, wewe unakata."

Mariat alipiga magoti mbele ya wifi yake kama alivyofanya siku zote alipomsalimia, na akiwa amepiga magoti hivyo, alimvuta mtoto akamkumbatia kifuani.

"Hajati, kabla ya wembe, naomba mchezo."

"Mchezo gani? Tumekuja kwa harusi?"

"Mniletee simu zenu. Zote. Nizifiche, mtoto akiangalia, na nyinyi mkiangalia. Tule chakula. Tukimaliza, aseme ziko wapi. Akishindwa, nitashika kichwa mimi mwenyewe."

Ungedhani ameomba figo zao. Nasifah alisema anangoja watu wa sabuni wampigie kutoka Mbarara. Abdunoor alisema samaki wako njiani. Yowasi alishika mfuko wake wa koti kwa mikono miwili.

"Mimi haiwezekani, binti. Kuna mtoto mwingine leo, huko njia ya Katwe. Nyumba sijui. Baba yake alisema nikimaliza hapa nimpigie, anielekeze."

"Mzee, ni kwa muda wa chakula tu," Mariat alisema. "Au unaogopa mtoto bubu?"

Abdunoor akacheka, na kwa kuwa alikuwa amecheka, ikambidi atoe simu. Nasifah akatoa ya kwake kwa kuwa chakula kilikuwa chake na hakutaka kipoe. Yowasi akatoa ya mwisho, kijisimu kilichofungwa kwa mpira. Mariat akazizima zote.

Alimwambia mtoto, "Angalia." Akaiingiza ya Nasifah ndani ya kikapu cha maharage. Ya Abdunoor akaitia kwenye buti la mpira lililosimama mlangoni. Ya Yowasi akaiweka chini ya kinu kilichopinduliwa. Shafic alimfuata hatua kwa hatua, mdomo wazi. Wakubwa watatu, walioambiwa waangalie, walikuwa wakibishana kama ulimi hukatwa kabla ya mtoto kushiba au baada.

Walikula matoke na samaki. Shafic alilishwa, akamwaga mchuzi, akafukuza kuku, akarudi. Wakubwa walikula kama wagonjwa. Abdunoor alipapasa mfuko wake, akakumbuka, akautoa mkono. Baada ya tonge mbili akapapasa tena. Nasifah aliuliza ni saa ngapi, na hakukuwa na aliyeweza kumjibu, ingawa jua lilikuwa juu ya vichwa vyao. Hawa ndio waliokuja kupima kama mtoto anaweza kutuliza akili yake.

Baada ya kunawa, Mariat alisema, "Baba Shafic, tuanze na wewe. Yako iko wapi?"

"Uliweka pale." Abdunoor alifunua chungu. Akakuta mchuzi. Akainua mto wa kiti, akacheka peke yake, akainua mwingine. "Si uliweka ndani ya nyumba?"

"Hajati?"

"Mimi si mtoto wa kuchezewa," Nasifah alisema, jambo ambalo lilimaanisha kwamba hajui.

Mariat akamgeukia mwanawe. "Shafic. Simu ya Senga iko wapi?"

Mtoto alisimama. Alimtazama huyo Senga, shangazi yake, akatazama kikapu, akaenda, akazamisha mkono mpaka kwenye kwapa. Maharage yakamwagika. Akatoka na simu. "Senga," alisema.

"Ya baba?"

Buti lilikuwa refu kuliko mkono wake, basi akalipindua, akalitikisa. "Baba."

Ya tatu hakungoja kuulizwa. Alisukuma kinu, kikakataa, akamvuta baba yake kwa kidole mpaka pale. Abdunoor akakiinua. Mtoto akatoa kile kijisimu, akazibeba zote tatu kifuani, akampelekea mama yake, maana ndivyo walivyozoea kule sokoni.

"Amesema Senga," Nasifah alikiri hatimaye. Ilimuuma kukiri hivyo, akatafuta kasoro. "Lakini amesema kama Mukongo."

Yowasi alikuwa anafungua gazeti lake. "Ulimi ni nyepesi, ni kweli. Lakini mimi naweza kupunguza kidogo tu, iwe nyepesi zaidi. Sasa nimeshafika."

Abdunoor alikuwa bado ameshika kinu. Alimtazama mzee, akatazama wembe, kisha akamtazama mwanawe, na safari hii hapakuwa na kioo katikati yao.

"Mzee, funga gazeti yako," alisema.

"Hajati ndiye ameniita."

"Hajati amekuita, na mtoto ni yangu. Funga."

Nasifah akaanza kuokota maharage. Yowasi akakunja gazeti na kunyoosha mkono apewe simu yake, lakini kabla Mariat hajampa, Shafic aliupiga ule mkono kofi.

"Bado," alisema. "Fumba."

"Anataka nini?"

"Zamu yake kuficha," Mariat alieleza. "Mfumbe macho."

Abdunoor akafumba. Akamwambia dada yake, "Nasifah, fumba," kwa sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia kwake, naye akafumba. Yowasi, kwa kuwa mwenye nyumba amefumba, akafumba pia. Wakakaa hivyo mchana kweupe, wakubwa watatu wenye majina yao, nyuso mbele kama wanaosubiri kunyolewa, huku kitoto cha miaka miwili na nusu kikipita katikati yao kwa miguu mitupu kikicheka puani.

Mariat peke yake ndiye aliyeangalia.

Simu ya baba ilipatikana upesi, kwa sababu Shafic alishindwa kujizuia akamwonyesha. Ya Senga vilevile. Ya tatu haikupatikana. Yowasi alipindua kinu, akakung'uta buti, akapekua kikapu. Alizunguka nyumba, akachungulia chini ya kilori. Jua likaanza kuteremka, na alikuwa bado anauliza kama kuna anayejua namba ya yule baba wa njia ya Katwe. Hapakuwa na anayeijua. Ilikuwa ndani ya simu.

Mwishowe alimjia Mariat, aliyekuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, mtoto mapajani.

"Binti, wewe ulikuwa na macho wazi. Ameiweka wapi?"

Mariat alikuwa ameona. Ilikuwa uani, chini ya rundo la maganda ya matoke.

"Muulize mwenyewe, Mzee," alisema. "Ulimi yake si umeiona."

Yowasi aliinama. Shafic alikuwa amelala, mdomo wazi, kiganja kimoja kikishika kidevu cha mama yake.

Mariat hakumwamsha.